Jiwe la Fundi Soli

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake, niwasomee maisha ya kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Soli.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1951, akiwa wa kwanza kati yetu wawili, akasoma hadi darasa la nane, na mwaka 1967 akaingia karakana ya baba, ambako alishona viatu, vingi vya mahujaji, mpaka vidole vikawa vigumu kuliko ngozi yenyewe. Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na shemeji yetu, muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili, na hadi uzeeni alijisifu kwamba alimpata mke kwa kumcheleweshea kiatu kimoja makusudi.

Mwaka 1998 hujaji mmoja alirudi karakanani akichechemea, msumari umemtoboa kisigino, mimi nikasema ni kazi ya kaka, yeye akasema si yake, watu wakaniamini mimi, naye akafungasha vifaa vyake akahama, tukakaa miaka kumi na moja bila salamu.

Tarehe 1 Mei 2009 alianza kuitembea mwenyewe njia ya hija, baada ya kuwashonea viatu mahujaji maisha yake yote, akatembea siku arobaini na mbili, mkononi fimbo, begani gamba la kombe wa baharini, alama ya mahujaji, ambalo mistari yake yote hukutana mahali pamoja kama mahujaji watokao kila upande, na mfukoni jiwe la kutoka nyumbani, ambalo kila hujaji hulibeba kama mzigo wa moyo wake na kuliacha chini ya msalaba mlimani. Aliporudi alikuja kwangu moja kwa moja, amekonda, pua imebabuka kwa jua, akaketi kwenye kigoda cha baba, akasema, "Mdogo wangu, langu nimeliacha kule. Lako utalipeleka lini?"

Nikajifanya natafuta gundi. Hakuniuliza tena, tukafanya kazi pamoja hadi Machi 2021, mapafu yalipomlemea, na tarehe 9 Agosti, saa nne asubuhi, akatutoka, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, majirani waliotupikia siku zote hizi, na mafundi wenzake waliofunga kazi leo ili wawe nasi.

Kaka, nimechelewa, na inaniuma. Jiwe langu naliweka hapa, mbele ya watu wote hawa: msumari ule niliupigilia mimi. Pumzika kwa amani.