Barafu ya Bwana Gachanja

Mheshimiwa Mkurugenzi, Meneja wetu mpya Bwana Thuo, Bwana Gachanja tunayekuaga leo, wageni waalikwa, nanyi wenzangu wa zamu zote mbili za kiwanda hiki cha sabuni: hamjambo?

Mimi ni Phelister wa chumba cha kupakia. Nimeombwa nimsifu Bwana Gachanja, na nitamsifu, maana kwa miaka kumi na mmoja ametufunza Kiingereza. Aliyechelewa kutoka Mukuru kwa sababu ya mvua, aliyeomba glavu, aliyekohoa kwa mvuke wa magadi, wote aliwapa sentensi ileile moja. Karani wake, Irungu, akatutafsiria: eti tunateleza juu ya barafu nyembamba.

Tulitazamana. Barafu tuliyoijua sisi ni ile ya rangi, ya kulamba, inayouzwa mtaani Huruma. Nani ateleze juu yake? Irungu akaeleza kwamba Ulaya ziwa huganda, watu wakavaa viatu vya chuma wakateleza kwa raha zao, na pasipoganda vizuri mtu huzama. Kumbe Bwana alimaanisha tunachezea kazi. Tukashukuru kuelimishwa.

Sasa, Mheshimiwa, kati ya chumba cha kuchemshia na cha kupakia kuna shimo la maji moto ya magadi, lililofunikwa kwa mbao. Masinde, fundi wa mabomba, alikwenda ofisini mara tatu kusema mbao zimeoza. Mara ya tatu alijibiwa nini? Mnaijua sentensi. Akarudi kazini kwa njia hiyohiyo, mbao zikakatika, akazama hadi kiunoni. Tulipomvua soksi, ngozi ilitoka nazo. Bwana Gachanja akaandika kwamba Masinde hakuwa makini. Mimi nilimshika Masinde kichwa, na hasira ile ninayo mpaka leo.

Msomi gani huyu, anayejua hatari ya ziwa la Ulaya, asijue shimo lililo hatua ishirini kutoka mezani pake? Miezi mitatu imepita. Zimepigiliwa mbao mbili mpya juu ya zilizooza, basi. Wacuka, mwenye mimba ya miezi saba, huvuka hapo mara thelathini kwa siku akibeba beseni.

Bwana Gachanja, tumekununulia kiti kizuri cha mvule. Kiko chumba cha kupakia, na njia ni hiyo moja. Tafadhali nenda ukakichukue.

Naona hujainuka. Bwana Thuo naye anaangalia viatu vyake. Hakuna haraka, waheshimiwa. Mitambo tumeizima, na sote tutakaa hapa pamoja nanyi mpaka seremala afike.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza hadi mwisho.