Benchi la Chini ya Dirisha

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mpana uliokalishwa juu ya matofali na kuegemezwa ukuta wa nyumba ya fundi cherehani mmoja mstaafu, chini kabisa ya dirisha lake la chumbani. Kivuli kikishatua pale mchana, wenyewe hujitokeza mmoja mmoja kama sisimizi waliosikia harufu ya sukari. Wa kwanza ni Spika, aliyestaafu kuita abiria stendi lakini koo lake halikupata taarifa. Kamusi ni karani wa zamani, ana methali ya kila jambo isipokuwa jambo linalozungumzwa. Kinyozi ana kibanda ng'ambo ya barabara, na wateja wake wameshazoea kumfuata benchini. Mama Kahawa huweka jiko lake la mkaa pembeni, birika juu, vikombe kwenye ndoo. Siku hiyo mada ilikuwa mpya: msichana wa sekondari aliyeshushwa asubuhi na mama yake mlangoni kwa fundi, begi mgongoni, mdomo umevutwa mbele hata ungeweza kuutundikia koti. Wasichojua ni kwamba msichana huyo alikuwa amekaa kwenye kitanda cha babu yake, nyuma ya pazia la dirisha lile lile, na kila neno lilikuwa linamwingia.

— Kafukuzwa shule yule, alisema Spika. Uso ule naujua. Mimi mwenyewe niliuvaa mara mbili.

— Hajafukuzwa, alisema Kinyozi. Kafichwa. Kuna kijana huko kwao anapiga miluzi chini ya ukuta.

— Ndiyo maana wahenga wakasema, Kamusi akasafisha koo, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinaingiaje hapo?

— Mtaelewa mbele ya safari.

Msichana aliinuka alifunge dirisha kwa kishindo. Tangu afike hakuwa amesema zaidi ya shikamoo. Simu ilikuwa imeisha chaji, na umeme haukuwepo. Babu yake, aliyekaa kwenye kiti karibu na kitanda, goti limefungwa bandeji na mguu umepandishwa juu ya stuli, akainua kidole.

— Kaa chini, akanong'ona. Hapo ndiyo kwanza wanapasha moto.

— Babu, wananisema mimi.

— Jana walinisema mimi. Wewe unafikiri redio yangu niliiuza kwa nini?

Msichana hakutaka kucheka, lakini kicheko hakimwombi mtu ruhusa. Akakaa.

— Kila siku unawasikiliza hivi?

— Zamani nilikaa nao. Goti likakataa zile ngazi za mlangoni, nikahamia upande huu wa ukuta. Dirisha hili ni zuri, halichagui. Kila kinachosemwa hapo nje linaniletea.

— Kila kitu?

— Hata mtu akibishana na mama yake asubuhi kwamba atakaa afanye nini na mzee anayenuka dawa ya kuchua.

Msichana alihisi masikio yakimwaka. Akatazama sakafu, akatazama cherehani kuukuu pembeni, akakosa pa kutazama. Babu akamwacha aungue kidogo, kisha akavuta droo ya cherehani na kutoa futi yake ya kupimia nguo.

— Sikudai samahani, alisema. Nakudai kazi. Toka na hii, pima mlango, pima ukuta, usimwambie mtu neno. Ukirudi, kaa hapa usikilize.

Alitoka. Akapima mlango, akapima ukuta, akafika kwenye benchi na kupima mpaka nyuma ya kichwa cha Kamusi, uso mkavu kama wa askari wa zamu. Nje pakawa kimya kama darasa aliloingia mwalimu mkuu. Alipofunga mlango nyuma yake, kimya kikapasuka.

— Nyumba inauzwa, alisema Kinyozi.

— Si nyumba tu, alisema Spika. Hamkuona alivyopima benchi? Sisi tumo kwenye mauzo. Hapa panakuja ghorofa. Chini benki, juu hoteli, na hapa tulipokaa panawekwa samaki wa kwenye kioo.

— Mtoto wa shule ndiye anayepima?

— Siku hizi wapimaji wanavaa hivyo ili wasishtukiwe.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Kamusi kwa uchungu.

— Guu limevunjika tayari, ndani humo, alisema Mama Kahawa.

Kitandani msichana alikuwa ameuma mto asisikike. Babu alikuwa akifuta machozi kwa pembe ya shuka.

— Tuwape nini tena? msichana aliuliza. Sasa hakuna aliyemlazimisha.

Walitazama huku na huku. Nyuma ya mlango lilining'inia koti la babu, jeusi, la shughuli za maana, limekaa hapo miaka likanuka vumbi. Msichana akalichukua na kulitundika dirishani lipigwe upepo, mikono miwili ikaning'inia nje juu ya vichwa vya watu.

Alisikia kikombe kikiwekwa chini taratibu.

— Nguo nyeusi, alisema Kinyozi.

— Na leo hajakohoa, alisema Spika. Nilitaka kusema tangu mwanzo. Leo mzee hajakohoa hata kidogo.

— Kumbe mtoto kaletwa kwa hilo. Ndiyo maana alikuwa amenuna.

— Na ile futi, alisema Kamusi, sauti imemkauka. Alikuwa anapima kama jeneza litapita mlangoni.

Ndani, babu alijishika mbavu. Msichana akamziba mdomo kwa kiganja, naye akawa anaguna ndani ya kile kiganja kama mtoto.

Spika akasimama. Walijua amesimama kwa sababu ubao ulilia.

— Ndugu zangu, akaanza, huyu tuliyempoteza alikuwa mtu mkarimu. Mimi ndiye niliyekuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana.

— Wewe tena? alisema Kinyozi. Kichwa cha yule mzee nimekinyoa mimi. Siri zake zote ziko kwangu.

— Mimi aliniita ndugu, alisema Kamusi. Mbele ya watu.

— Alikuita ndugu ili unyamaze.

— Chelewa chelewa utakuta mwana si wako, alisema Kamusi, na kwa mara ya kwanza methali ikamkaa yeye mwenyewe kooni.

Walibishana nani atatangulia mbele, nani atashika kichwa, nani atashika miguu. Msichana alicheka mpaka alipohisi kwamba anacheka peke yake. Babu alikuwa ametulia, akilitazama pazia.

— Wanakupenda, babu, alisema msichana.

— Wananipenda, babu akakubali. Kutoka hapo walipo.

— Si ungewaita tu? Wako hapo.

— Mtu hajiombei wageni, mjukuu wangu. Wageni huja, au huletwa na mama zao.

Msichana akavaa viatu, na babu hakumwuliza anakwenda wapi.

Walipomwona mlangoni, Spika akavua kofia.

— Shikamooni, alisema msichana.

— Marahaba, binti yetu. Pole sana.

— Nimewasikia mkibishana nani alikuwa rafiki yake wa karibu. Nilitaka kuuliza kitu kimoja. Nani kati yenu aliingia ndani kumwona mara ya mwisho?

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Spika akamtazama Kinyozi. Kinyozi akajitazama kucha. Kamusi akafungua mdomo, wahenga wote wakamkimbia, akaufunga.

— Sisi tulikuwa tunamsikia akikohoa, Spika alisema mwishoni, sauti ndogo ambayo stendi nzima haikuwahi kuisikia. Akikohoa tunajua yupo.

Mama Kahawa akafunika mkaa kwa majivu, akachukua ndoo ya vikombe mkono mmoja na birika mkono wa pili.

— Mlango uko wazi?

— Uko wazi, mama.

— Basi kahawa imehamia ndani. Anayetaka atafuata.

Walifuata kwa foleni, wakipangusa viatu zaidi ya vilivyohitaji, Spika nyuma ya wote. Mlangoni mwa chumba foleni ikagandana. Mzee alikuwa kitini, mguu juu ya stuli, mzima kabisa, macho bado mekundu kwa kicheko.

— Karibuni msibani, alisema. Kaeni kitandani, ndiyo nafasi iliyopo.

Walikaa wamebanana, magoti pamoja kama abiria, na msichana akaanza kupokea vikombe kwa Mama Kahawa akigawa, akianzia kwa babu yake.

— Na wewe, babu akamgeukia Spika, uliishia pale kwamba nilikuwa mkarimu. Hebu endelea. Marehemu anasikiliza.