Mama Pambizo Anaaga, Kigoda Chake Kinabaki Jikoni

Wapendwa wenzangu wa ofisini, madarasani, bustanini na getini, hamjambo? Nanyi mliohamia shule nyingine ila bado mnasoma jarida letu, hali zenu? Watoto wazima? Sisi wa jikoni tu salama, Mungu ashukuriwe, isipokuwa goti langu la kushoto, nalo limeshazoeleka.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu karani wetu, Mama Pambizo, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Walimu wenye kalamu zao wapo, lakini mwenyewe alisema wasifu wake auandike yule mtu wa jikoni, yaani mimi, mpishi mkuu. Nilifurahi mpaka nikatia chai ya walimu sukari mara mbili. Mnisamehe.

Alikuja msichana mwembamba, akapewa taipureta ambayo herufi moja ilikuwa ikiruka juu ya mstari kama mbuzi. Baadaye ikaja kompyuta, ikaja printa, wakuu wa shule wakaja na kuondoka. Yeye yupo. Jina la Pambizo alipewa na walimu, kwa sababu hakubali maandishi yabanane mpaka ukingoni mwa karatasi. Husema kidole gumba cha msomaji nacho kinahitaji pa kukaa. Vichwa vya habari vionekane, aya ziwe fupi, jedwali liseme jambo moja, na jambo kubwa likae mbele, lisijifiche nyuma kama mtoto aliyevunja kikombe.

Na kabla ripoti ya mwaka haijachapishwa, huja nayo jikoni. Anavuta kigoda karibu na meza ya kukatia mboga, ananisomea ukurasa, kisha anasema, "Haya dada, nirudishie." Namweleza nilichoelewa. Nikikwama, anajua na mzazi atakwama. Mimi shule niliishia darasa la saba, maneno ya kiofisi sina, kwa hiyo humjibu kwa lugha ya sufuria. Palipojaa mapambo, nasema chumvi imezidi. Pale maneno yanapozunguka bila kufika, nasema maji mengi. Naye huyachapa vivyo hivyo pembeni mwa ukurasa, ili ayafanyie kazi akirudi ofisini.

Sasa kuna mwaka bodi ya shule ilitaka kufunga bweni. Watoto wa mbali wangeacha masomo, nami ningebaki kuchemsha chai tu. Utetezi wetu wote ulikuwa ile ripoti ya mwaka. Mwalimu wa sanaa, ambaye ameniruhusu nimseme, aliipamba kwa moyo wake wote: maua kila pembe, herufi zilizojikunja, kila somo na rangi yake, kengele juu ya kila ukurasa. Ilipendeza kama kadi ya harusi. Mama Pambizo alimleta mwalimu jikoni, akamkaribisha chai, akaniambia, "Dada, hebu nitafutie bweni humo."

Nikafunua, nikafunua. Uji ukashika chini. Mwalimu akaanza kucheka mwenyewe. "Mama," akasema, "nimelizika bweni kwa maua."

Wakakaa wote wawili, wakalipandisha bweni mpaka ukurasa wa pili: watoto wangapi wanalala humo, kwao ni umbali gani, alama zao kabla ya kulala shuleni na baada yake. Ua moja likaachwa kwenye jalada, kwa heshima ya msanii. Ukurasa wa kwanza ukawa wa salamu za Mkuu wa wakati ule, ndefu kama foleni ya bombani. Niliposomewa, nilisema niliyosema, naye akachapa.

Kesho yake nakala zikatoka, zikafungwa, zikapelekwa kwa bodi. Haikupita saa, Mama Pambizo akaingia jikoni, uso umempauka kama jivu, nakala iliyobaki mkononi. Pembeni mwa salamu za Mkuu, kwa wino mweusi mzito, yalisomeka maneno aliyosahau kuyafuta: Maji mengi. Dada wa jikoni amesinzia.

Tulishikana mikono tukaomba. Dua ya pambizo sikuwa nayo, nikatumia ile ya safari.

Wanasema mwenyekiti wa bodi alipofika hapo alimwambia Mkuu, "Ndugu yangu, jiko limekuchoka." Akaziruka salamu, akatua moja kwa moja kwenye bweni, akasoma jedwali lote kwa sauti. Bweni likabaki. Mkuu, Mungu amlipe, alirudi akicheka mpaka anafuta machozi, akaja jikoni kuuliza maji yalizidi wapi hasa.

Asubuhi hii nimewapikia uji watoto ambao hawajui kwamba wanalala bwenini kwa sababu ya ukurasa wa pili wa mtu fulani.

Mama Pambizo, dada yangu, ofisi inakushukuru, na jiko pia. Mungu akupe afya, wajukuu watulivu, na siku zenye nafasi pande zote, kama kurasa zako. Karani mpya anaanza ripoti mwezi ujao. Amefika mlangoni pa jikoni mara mbili, akaona haya kuingia. Kigoda sijakiondoa. Na haya niliyoandika hakuna aliyenirudishia, kwa hiyo maji yakizidi utayaona wewe. Njoo siku moja umwonyeshe binti yule pa kukaa. Utakuja lini? Nijibu upesi.