Kimya cha Ukumbi

Kwenye ghorofa ya juu ya basi la kwenda mtaa wa Leith, mafundi wawili wa sauti za tamthilia za jukwaani walibishana mbele yangu kuhusu programu ya kompyuta.

"Senga, dada yangu, hiyo yako ya zamani inaganda," alisema mwanamume mwenye ndevu. "Juzi radi yako imepiga marehemu ameshazikwa! Hii mpya inahariri yenyewe."

Nilicheka ndani ya skafu.

"Ndiyo maana siitaki, Ruaridh. Nimeipa kimya cha ukumbi wetu wa zamani, ikakifuta."

"Si hapakuwa na kitu?"

"Palikuwa na ukumbi! Mbao zikijinyoosha, mapazia yakipumua. Nilikirekodi peke yangu kabla hawajaubomoa. Tangu hapo kila onyesho nakiweka chini ya maneno, watu wawe mle ndani tena."

Mvua iliteleza kiooni. Mji mzima ukawa kama unaota.

"Nakala unayo?"

"Ninayo. Lakini jana tumeonyesha bila hicho kimya. Ulisikia kitu kimepungua?"

Ruaridh alizichezea ndevu zake. "Sikusikia, dada."

Basi lilifika mwisho wa safari, dereva akazima injini. Hakuna aliyeinuka; sote tulikuwa tukisikiliza.