Maisha ya Zakaria Kimeli Sigei, Mwenye Betri wa Kapsoiyo

Mchungaji, wazee wa kijiji, jamaa, majirani na marafiki, mtu tuliyekuja kumsindikiza leo Jumamosi, tarehe 27 Septemba 2025, ni Zakaria Kimeli Sigei, ambaye wengine wenu mlimwita Zack na wengine Mwenye Betri, na haya yameandikwa na mke wake, Nelvine Chepchumba, na yanasomwa kwa niaba ya familia na mdogo wa marehemu, Kiptum.

Kimeli alizaliwa tarehe 14 Machi 1978 hapa hapa Kapsoiyo, ng'ambo ya mto kutoka soko la Merigi, akiwa wa pili kati ya watoto watano wa marehemu Mzee Jonathan arap Sigei na Mama Tabitha Sigei, ambaye tuko naye, amekaa pale mbele. Alianza shule ya msingi mwaka 1986, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1993, akaingia kidato cha kwanza mwaka uliofuata, lakini baba yake alipougua mwaka 1995 aliacha shule akiwa kidato cha pili na hakurudi tena, jambo ambalo hakulilalamikia hata siku moja, ila kitabu chake cha fizikia alikataa kumpa mtu yeyote, na kiko ndani ya nyumba mpaka sasa.

Mwezi wa Februari 1997 aliandikwa kazi ya kuchuma chai katika shamba kubwa upande wa Kericho, na mwaka 2001 akahamishiwa karakana ya shamba hilo, chini ya Bwana Onyancha, fundi wa betri za trekta, ambaye amesafiri kutoka Kisii kuwa nasi. Yeye ndiye aliyemfundisha kwamba betri haifai kuachwa ikaisha kabisa, kwamba maji yake hayachotwi mtoni, na kwamba mtu hawashi moto karibu na betri inayochajiwa, na Bwana Onyancha anasema mwanafunzi wake aliyashika yote isipokuwa kuvaa glavu.

Tarehe 11 Desemba 2004 alifunga ndoa na Nelvine Chepchumba katika kanisa letu la Merigi, akakaa nyumbani siku tisa, kisha akarudi kazini. Hivyo ndivyo ndoa yao ilivyokuwa kwa miaka kumi na mitatu na zaidi, yeye akiishi kambini Kericho, mke wake akiwa hapa na mama mkwe, chai na ng'ombe, na kila mwisho wa mwezi alifika Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili baada ya chakula cha mchana. Mungu aliwapa watoto wawili, Chelimo, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 2006, na Kipruto, aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 2010, na wote wawili baba yao alipata habari zao siku iliyofuata, kwa sababu simu ya hapa nyumbani ilikuwa imezima.

Wenyeji mnajua, lakini wageni waelezwe, kwamba nguzo za stima zilifika barabarani Merigi na hazijavuka mto hadi leo. Kuchaji simu kulikuwa kutembea saa nzima, kuiacha dukani asubuhi, kurudi kuichukua jioni, na mtu mwenye chai ya kuchuma na ng'ombe wa kukama hawezi kufanya hivyo zaidi ya mara moja kwa juma, kwa hiyo siku nne kati ya saba Kimeli alikuwa akipiga na simu haiingii. Mwezi wa Aprili 2013 alikuja na paneli ndogo ya sola na betri kuukuu ya lori, akazifunga jikoni, na tangu siku hiyo walizungumza kila jioni, mara nyingi kuhusu ng'ombe.

Majirani waliposikia wakaanza kuleta simu, kisha wakaleta betri za redio na televisheni zilizokuwa zikipelekwa Merigi kwa punda, na hapo ndipo Kimeli alipopata wazo, akamwambia mke wake kwa simu, "Mama Chelimo, hizo betri zikinijaa hapo nyumbani, mimi kambini natafuta nini?" Hili ndilo lililokuwa moyoni mwake, na yeyote aliyefikiri alipenda sola kwa ajili ya sola hakumjua. Alitaka kulala kwake.

Likizo ya Agosti 2015 alijenga kile kibanda cha mbao mnachokiona, akaacha nafasi juu ya ukuta hewa ipite, akatengeneza meza ya kuwekea betri, akavuta waya, akafunga kifaa cha kuzuia betri isichajiwe kupita kiasi, kisha akapandisha paneli nne kubwa juu ya nyumba, upande wa magharibi, unaoangalia barabara, akarudi Kericho. Kwa majuma matatu betri hazikujaa. Nne zilizowekwa mezani asubuhi, jioni haikutoka hata moja iliyojaa, na watu walianza kusema Zack amewaharibia betri, naye huko kambini alifikiri kifaa ni kibovu, akataka kununua kingine. Mke wake, ambaye huanza kuchuma chai umande ukiwa bado majanini, alimwambia, "Baba Chelimo, hapa jua ni letu mpaka saa saba, kutoka hapo ni la mawingu na mvua, wewe umetega kitu ambacho hakiko." Akamjibu, "Nimekaa mbali sana, nimesahau jua la kwetu." Aliomba ruhusa ya siku mbili, akaja, yeye na Kiptum wakazihamishia paneli juu ya paa la boma la ng'ombe, zikiangalia mashariki, na Ijumaa hiyo betri nne zikajaa kabla mvua haijaanza.

Mambo mengine tulijifunza polepole. Mama Phelis, jirani yetu, atatusamehe tukikumbuka siku aliyoweka betri ndani ya kikapu juu ya majani ya chai ili asifanye safari mbili, betri ikalala upande, asidi ikamwagika, na karani wa kituo cha majani akakataa chai yake yote, akaja hapa akipiga kelele, "Zack, toka nje uone betri yako ilivyokunywa jasho langu!" naye akamjibu, "Mama, pole, lakini hata chai yako sasa imechajiwa, haina usingizi tena." Walicheka wote, kisha Kimeli akatengeneza visanduku vya mbao vyenye mshipi wa kamba ili betri ibebwe imesimama, na kutoka siku hiyo aliyekuja na betri kwenye kikapu cha chai alirudishwa.

Aliongeza paneli mbili mwaka 2016 na mbili nyingine mwaka 2017, na tarehe 30 Aprili 2018, siku ya Jumatatu, aliacha kazi, akafika nyumbani saa kumi jioni na godoro lake, sanduku la vyombo na kiti kimoja, akauliza akiweke wapi.

Alikaa nyumbani miaka saba na kidogo. Mke wake angeweza kuandika kurasa nyingi kuhusu ile miaka kumi na mitatu ya kungoja, lakini ya hii saba hana kubwa la kusimulia, kwa sababu Kimeli alikuwapo. Asubuhi alipanda ngazi kufuta umande na vumbi kwenye paneli huku mke wake akikama chini yake, walibishana kama maziwa ya chai yametosha, alikoroma, alikuwa mzee wa kanisa kutoka mwaka 2021, alimfundisha Chelimo kupima betri, na viatu vyake vyenye matope alivivua mlangoni mahali ambapo kila mtu alivikanyaga. Viko hapo bado.

Mwezi wa Januari mwaka huu ugali ulianza kumsumbua kumeza, kisha ndizi, na kufikia Machi hata mursik, maziwa yetu ya kuganda, ilishuka kwa taabu. Tarehe 8 Aprili madaktari walituambia ni saratani ya umio, na kutoka Juni alikuwa Eldoret kwa matibabu ya miale, kwa hiyo wakawa mbali tena, yeye na mke wake, isipokuwa safari hii simu haikukosa chaji. Alipiga kila jioni kwa sauti iliyokuwa ikipungua, akauliza kama maji ya betri yameongezwa, na mke wake akamjibu, "Wewe kunywa uji, betri niachie." Alipoona hajibiwi vizuri aliuliza kuhusu mawingu. Jambo aliloomba madaktari ni moja, aruhusiwe aje nyumbani, na walikubali atoke Jumatatu, tarehe 22 Septemba. Wimbi wa uji ulikuwa umesagwa na kitanda kimetandikwa. Alifariki Jumamosi, tarehe 20, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba.

Juma hili jamaa waliketi kuzungumzia kibanda. Kiptum, anayewasomea haya, alishauri paneli zishushwe ziuzwe, kwa kuwa mwenyewe hayupo na mama wa nyumba amechoka. Ni kweli amechoka. Lakini paneli hizo ndizo zilizomrudisha mtu wake nyumbani, na hazitashushwa. Betri kumi na moja zenu ziko mezani, mbili hazikujaa kwa sababu ya mvua ya Jumatano, na kibanda kitafunguliwa Jumanne asubuhi, Chelimo na mama yake wakiwapo. Visanduku ni vile vile, kikapu cha chai hakiruhusiwi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Eldoret waliomhudumia, Bwana Onyancha na wenzake wa karakana, kanisa, majirani waliotuchumia chai majuma yote aliyokuwa hospitalini, Mama Phelis aliyewakama ng'ombe bila kuombwa, na nyote mliovuka mto kwa miguu kuja hapa.

Kimeli ameacha mama, mke, watoto wawili na ndugu wanne. Kaburi liko nyuma ya boma, upande wa asubuhi, ni mwendo mfupi.

Baba Chelimo, umefika kwako. Pumzika kwa amani, na Jumapili baada ya chakula hutaondoka.