Milimita, Fundi wa Sare za Shule

Ndugu waombolezaji, karatasi hii inasomwa na dada mkubwa wa marehemu, hajalala vizuri tangu Jumanne, basi akikwama mahali mvumilieni.

Marehemu, tuliyemzoea kwa jina la Milimita, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, kitinda mimba wa mama yetu, akasoma shule ya msingi kuanzia 1979 hadi 1985, hesabu zikamtoa jasho, lakini ukimpa kitambaa na futi kamba anakukatia suruali ikukae kama umezaliwa nayo. Mwaka 1989 aliajiriwa kwenye karakana ya sare za shule, ndiko alikopewa jina hilo, maana mshono ukipinda kidogo tu aliufumua wote, wenzake wakinuna. Tarehe 14 Agosti 1999 alifunga ndoa na mtoboa matundu ya vifungo wa karakana hiyohiyo, wakajaliwa mabinti wawili.

Kuanzia 2006 alikunywa pombe, akinywa sana na kula kidogo, akaahidi kuacha hadi ahadi zikatuchosha, tukamnawia mikono.

Tarehe 11 Januari 2023, saa nne asubuhi, alifika kwa dada yake, mkono wa kulia ukifunga vifungo vya shati, wa kushoto ukivifungua, akasema, “Dada, leo sijanywa, mikono yangu haisikilizani,” naye dada, aliyeisikia “leo sijanywa” miaka nenda rudi, akamwambia akalale imtoke, akafunga mlango.

Alianguka na kufikishwa hospitali tarehe 2 Februari. Picha ya kichwa ilionyesha kuwa njia inayounganisha ubongo wa kulia na wa kushoto imeharibika, ugonjwa adimu, alisema daktari, unaoletwa na pombe ya miaka mingi na lishe duni, na wengine wakiwahi sindano za vitamini hupata nafuu. Mkewe ndipo akasema kwamba tangu Mwaka Mpya hakuwa ameonja hata tone. Dada alihesabu siku tangu alipofunga mlango, zilikuwa ishirini na mbili.

Alifariki Jumanne, tarehe 16 Mei, saa tisa alasiri. Wajomba walitaka isomwe kwamba aliugua ghafla. Hakuugua ghafla, alikuja kutuambia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomlisha kwa zamu, kijiko kwa kijiko, na wenzake wa karakana waliomshonea mashati yasiyo na vifungo.

Milimita, dada yako anakuamini, amechelewa. Pumzika, mdogo wangu, kwa amani.