Anaclet Banza, Mwenye Bote Balimuitaka Cuba

Bandugu, barafiki na bakristu bote benye muko hapa, miye niko Liévin Numbi, mudogo wa marehemu, familia njo imenituma nisome maisha yake, na asubuhi padri aliniomba nipunguze hasira mu hii karatasi, nimejaribu, imenishinda.

Yaya, mukubwa wangu, Anaclet Banza, alizaliwa ku Kabalo, tarehe 14 mwezi wa tatu 1954, mutoto wa kwanza wa baba mwenye alitumikaka ku reli na mama mwenye alilimaka muhogo, akasoma primaire kwa bapadri palepale, akamaliza mécanique hapa Lubumbashi mu 1974, na mwaka wenye kufuata akaingia mu atelier ya bamashini ya reli, mule alitumika mpaka pension.

Mule mu atelier njo alipatia jina. Mu 1981 chef mumoja alimuchukia, akamunyima cheo, akamusemea mubaya kwa bakubwa, lakini Yaya alikuya kila asubuhi na chemise ya kupiga pasi, akasalimia chef mbele ya bote, na bale ba atelier, benye balisikilizaka radio, bakasema huyu njo Cuba, ile kainchi kadogo yenye Amerika inafinya tangu zamani na haikufe. Chef akaenda, jina ikabakia. Ata bibi yake, mama Honorine, mwenye Yaya alioa ku kanisa tarehe 6 mwezi wa nane 1983, alimuitaka Cuba, batoto yabo batatu, Christiane, Doudou na Gaëlle, bote Papa Cuba, na ku Ruashi ukiuliza nyumba ya Anaclet, bantu banakuangalia tu.

Mwezi wa tisa 2025 moyo ikaanza kumusumbua, munganga akaandika dawa yenye hatukupata mu pharmacie ata moja ya hapa, Gaëlle, mwenye anakaa Amerika, akaipata kule, akaifunga muzuri mu colis, kifurushi ya posta, na juu yake akaandika jina yenye anajua: Papa Cuba, Ruashi, Lubumbashi. Mashini ya posta ya kule Amerika ikasoma Cuba, ikakamata colis. Gaëlle akaeleza, bakamujibu kwamba ile dawa haiwezi kwenda Cuba, sheria ya Amerika inakataza, akaeleza tena kwamba Cuba ni baba yake, akatuma picha na carte d'identité, bakamuomba alete ushahidi kwamba baba yake haiko inchi. Ayayaye, bandugu! Siku baliachilia colis, tarehe 19 mwezi wa kwanza 2026, Yaya alishakata roho mu hospitali.

Sijui ile Cuba ilibafanyia nini. Bazee benye balianzisha ugomvi balishakufa, bajukuu yabo bangali banachunga kinyongo, na kinyongo yabo imetokea mbali kuya kutulilisha hapa Ruashi.

Na weye, dada Agnès, tangu juzi unasema mu kilio kwamba Gaëlle njo aliua baba yake na kalamu, leo mbele ya sanduku ninakuomba ufunge kinywa, mutoto aliandika jina ya baba yake, basi. Benye kumuua miye ninabajua, sibasamehe, padri ataniungamisha siku ingine.

Kwetu, mufu anarudiaka mu jina ya mujukuu. Gaëlle iko na mimba, atazaa mwezi wa tatu kulekule Amerika, na jana mu telefone tumekubaliana bote, akuwe mwanaume ao mwanamuke, ataitwa Cuba Banza. Hospitali yabo itaandika Cuba, mwalimu wabo ataita Cuba kila asubuhi, na siku moja Amerika yenyewe itachapa Cuba mu pasipoti, na muhuri yake, na itamufungulia mulango.

Tunasema aksanti kwa banganga na ba-infirmières, benye balipigana bila dawa, kwa bajirani benye balileta viti na makala, na kwa barafiki ba atelier benye batabeba sanduku. Bale ba colis hatubashukuru. Colis yabo imefika jana, hatukuifungua, iko hapa ku miguu yake, itashuka naye.

Pumzika na amani, Yaya Cuba. Siye hatupumzike bado.